Ubao wa Besi ya Simeoni

Mwezi uliopita nilikabidhi funguo za karakana, na kabla sijafika barabarani mmoja wenu akanifuata na swali. Mambo ya madawati, milango na majeneza mnayajua kuliko mimi siku hizi, na hilo nimelikubali. Swali lake lilihusu gitaa la besi lililong'olewa freti: ubao wake unalindwaje usilike na nyuzi? Nilimjibu kwa maneno matano, nimesimama juani, kisha njia nzima nikaona aibu. Kwa hiyo nimechukua daftari, na nitaeleza tangu mwanzo. Mwenye haraka aruke moja kwa moja hadi kwenye vanishi.

Nilianza mwaka 1978, hapa hapa Nyakasimbi, kwenye karakana ndogo ya kanisa. Sikuwa kijana. Nilikuwa na miaka thelathini na mitano na watoto wanne, na nilikuwa nimepaua nyumba za watu kutoka Rugera hadi mpakani. Nilikuwa pia na barua ya kunisifu. Mzee Elia, fundi mkuu, aliisoma yote, akaikunja, akanirudishia mfukoni kwa mkono wake mwenyewe. Akanipa ubao wa mti wa msizi na kipande cha kioo cha dirisha.

"Kwangua," akasema.

Nikakwangua tangu asubuhi mpaka wakati wa chakula. Akaja, akapitisha kiganja juu ya ubao huku akiangalia barabarani, ambako kulikuwa na cha kuangalia kwa sababu ulikuwa mwaka wa vita na malori ya jeshi yalikuwa hayaishi. Kiganja kikasimama mahali ambapo mimi sikuona kitu.

"Hapa," akasema, akaenda zake. Nikakwangua pale hadi jioni. Hiyo ndiyo siku yangu ya kwanza kazini, na kwa kweli siku nyingi zilizofuata zilifanana nayo.

Ala za muziki ziliingia karakanani bila mtu kuzialika. Kwanza kililetwa kinanda cha kukanyaga ambacho panya walikuwa wamezalia ndani ya mifuko yake ya upepo. Kilipopona, habari zikaenea kwenye kwaya, na magitaa yakaanza kuja kwa baiskeli, kwa lori la kahawa, na moja lilikuja ndani ya gunia la maharage. Mzee Elia hakuwa mwimbaji. Kelele za msumeno wa umeme wa ujana wake zilikuwa zimemla sikio moja na nusu ya la pili, na kanisani watu wa mstari wake walimwomba kwa heshima aimbe kwa sauti ndogo. Lakini alikuwa na njia yake. Aliuma ncha ya shingo ya gitaa kwa meno, akagonga uzi, akasikia kwa mifupa ya kichwa. Mlio mbaya hata kidogo ungemfanya akunje uso kama mtu aliyetafuna mchanga.

Simeoni alikuja mwaka 1982. Alitoka Nyakatuntu, huko Kyerwa, na alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka kama mitano. Wazazi wake walitoka Rwanda wakitafuta vibarua, wakabaki, na yeye alilelewa kwenye kahawa za watu wengine hadi alipopata kibanja kidogo chake mwenyewe na mkewe Verediana. Alikuwa mpiga besi wa kwaya ya mtaa wao. Besi hiyo kwaya ilizawadiwa na wageni, na huko Nyakatuntu ilipigwa kwa betri ya gari, maana umeme haukuwapo.

Tatizo lilikuwa freti, yaani vile vyuma vyembamba vinavyolazwa kwenye shingo ili kidole kikibonyeza sauti itoke sawa. Vilikuwa vimeshika kutu na kulika, na kila noti ililia kama nzi aliyenaswa ndani ya chupa. Tulitafuta waya wa freti Bukoba, tukatuma mtu Mwanza, hatukupata. Mzee Elia akachukua koleo.

"Zeze halina vyuma," akasema, "na watu wanalia likipigwa."

Akaving'oa vyote ishirini. Simeoni alitazama kama mtu anayetazama ng'ombe wake akichinjwa. Nyufa zilizobaki tulizijaza vijiti vya mbuni mkavu, yaani mti wa kahawa, kwa sababu shina la mbuni mzee ni gumu na halinywi maji ovyo. Kisha tukamkabidhi.

Sasa ieleweke. Besi isiyo na freti haimsamehe mtu. Kidole chenyewe ndicho freti. Ukikosea kwa upana wa punje ya mchele, mtoto wa shule ya Jumapili atajua. Simeoni alijifunza upya kwa mwezi mmoja, na aliporudi kutuonyesha, sauti ilikuwa imebadilika. Ilikuwa nene, inateleza, inaingia noti moja na kutokea nyingine bila kubisha hodi. Mzee Elia aliuma shingo ya gitaa huku Simeoni akipiga, watu wazima wawili wameshikilia gitaa moja, na hakukunja uso.

Lakini kila kitu kina gharama yake. Uzi wa besi ni waya mnene uliozungushiwa waya mwembamba, na ukiutazama kwa karibu utaona kwamba ni tupa. Freti zikiwepo, tupa inasugua chuma. Zisipokuwepo, inasugua mbao. Ongeza mikono ya mkulima, yenye utomvu wa ndizi na vumbi la kupogoa kahawa, na hapo umetengeneza msasa. Mzee Elia alimpa Simeoni masharti: nawa kwa sabuni na majivu kabla ya kugusa, futa nyuzi na ubao kwa kitambaa kikavu ukimaliza, bonyeza wima, usiburute kidole wala kutikisa uzi upande kwa upande, na ukibahatika kupata nyuzi za bapa, ambazo hazina meno, uzinunue bila kuuliza mara mbili. Nyuzi za bapa nimeziona mara mbili maishani mwangu. Siku zile tulichemsha nyuzi kuukuu kwenye sufuria ili zitoe uchafu, tukazifunga tena.

Mzee Elia alifariki mwaka 1986. Benchi la ala likawa langu, pamoja na kipande chake cha kioo.

Miaka miwili baadaye Mwalimu Nathani, kiongozi wa kwaya ya Nyakatuntu, aliniletea besi ile. Alisema Simeoni ameshikwa na mavuno ya kahawa. Usharika ulikuwa unajiandaa kuzindua kanisa jipya, kwaya nyingi zingekuja, askofu angekuwepo, na besi ilikuwa inakwaruza.

"Wiki tatu zinakutosha, Fundi?"

Nikaukagua ubao. Chini ya kila uzi palikuwa na vishimo, vingine virefu kama ukucha wa kidole gumba, vingine vidogo kama alama ya jino. Nilimwambia zinatosha.

Niliipenda kazi ile, nawaambia kweli. Nilitoa nyuzi, nikalaza rula ya chuma juu ya ubao na kuweka taa nyuma yake, na mwanga ukapenya kila palipokuwa na shimo. Nikaparaza kwa kioo, nikasugua kwa msasa uliofungwa kwenye kipande cha mbao kilichonyooka, hadi mwanga ukakosa pa kupita. Ubao ukawa umepungua unene, kwa hiyo nikashusha daraja, kile kipande kinachobeba nyuzi.

Na hapa ndipo vanishi ilipo, kwa wale mlioruka. Tumieni ile ya mitumbwi, ya Bukoba, inayokauka ngumu. Mkono, yaani mpako mmoja, uwe mwembamba, kwa kitambaa, si kwa brashi. Siku nzima ikauke, siku ya pili isuguliwe kwa msasa wa maji, kisha mkono mwingine. Nilipaka mikono kumi. Mkono wa kumi ulipokauka, ubao ulikuwa kama maji ya kisima yaliyotulia, na uzi ungeweza kuusugua mwaka mzima bila kugusa mbao. Niliwaita mafundi wenzangu waje waone. Sikuwahi kuwaita kabla ya siku hiyo.

Simeoni alikuja kuichukua pamoja na Verediana. Alikuwa amemshika mkewe begani, nami nikadhani amechoka na safari.

"Shikamoo, Simeoni."

"Marahaba, Fundi."

Nikamwekea besi mapajani. Akapitisha kidole gumba kwenye ubao, kutoka juu hadi chini. Akarudi juu, akapitisha tena, polepole zaidi. Verediana alikuwa anatazama sakafu.

"Umefanya kazi safi," Simeoni akasema.

Ndiyo maneno yake yote. Nilijaza mengine mwenyewe kichwani, na yote yalikuwa ya kunisifu.

Siku ya uzinduzi nilikaa mstari wa nne. Kwaya ya Nyakatuntu ilisimama ya tatu. Wimbo wa kwanza ulikwenda vizuri, kwa sababu besi yake ilikuwa ya nyuzi wazi, zisizobonyezwa. Wa pili ulipanda shingoni, na hapo besi ikapotea. Haikupotea sana. Ilikuwa pembeni kidogo ya kila noti, juu ya hii, chini ya ile, na waimbaji wakaanza kuifuata bila kutaka. Mwalimu Nathani akampa Simeoni ishara ya mkono kwamba anyamaze. Simeoni akaendelea. Akampa tena, mkono wazi, mbele ya kanisa lote. Simeoni akaendelea kupiga, uso umemwelekea mwalimu. Mwishowe mwimbaji wa sauti ya tatu aliyesimama naye akaweka kiganja juu ya nyuzi.

Simeoni alishusha mkono. Alisimama hivyo hadi mwisho wa wimbo, amelishika gitaa kama mtu aliyeshikishwa mzigo wa mwingine.

Nitaandika nilichofikiri kwanza, kwa sababu ndicho nilichofikiri: hakufanya mazoezi, ameniharibia kazi yangu. Nilikula pilau ya sherehe nikiwa na wazo hilo. Lakini usiku ulipita na kile kidole gumba kikawa hakinitoki akilini, kilivyorudi juu na kushuka mara ya pili. Jumatatu nikapanda lori la kahawa hadi njia panda, nikamalizia kwa miguu.

Verediana alikuwa uani, anageuza kahawa kwenye mkeka. Kutoka mlango wa nyumba hadi jikoni palikuwa na kamba ya kuanikia nguo, na nguo zilikuwepo, lakini kamba yenyewe ilikuwa na mafundo mengi na ilifungwa chini mno, usawa wa kiuno. Simeoni akatoka ndani. Alikuja akiwa ameshika kamba ile, mkono ukipita chini ya nguo, na kwenye fundo la tatu akasimama.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Ni Fundi huyo?"

Nilikuwa hatua tatu mbele yake, mchana kweupe.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu lini nini?"

Verediana akasema bila kuinua kichwa, "Mwambie, baba. Ameshaona."

Akakaa kwenye kigoda. Akaniambia ni miaka mitatu. Ilianza saa za magharibi, kisha pembeni mwa macho, na sasa alibakiwa na mwanga na vivuli. Hospitalini walimwambia ni presha ya macho, na kilichokwenda hakirudi.

"Wewe sasa ni kivuli kirefu," akasema. "Mwalimu Nathani ni kifupi."

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini? Kibarua asiyeona nani atampa kahawa achume? Na kwaya wangenionea huruma. Wangeninyang'anya besi, wangenipa kayamba. Ule ubao nilikuwa nausoma, Fundi. Kila noti ilikuwa na shimo lake. Kidole kikiingia, najua nimefika. Nilikuwa nateleza hadi nilihisi shimo. Wewe umeyafuta."

Hakusema kwa hasira, na ningependa angesema kwa hasira.

"Ungeniambia ulipokuja kuichukua."

"Ungeuliza."

Mwenye gitaa alikuwa hai, anakaa mwendo wa nusu siku, na mimi nilisawazisha ubao wake kwa wiki tatu bila kumuuliza anaupigaje.

"Unaweza kuyarudisha?" akauliza.

Verediana akaleta besi, nikajaribu pale pale. Nilikuwa na patasi ndogo mkobani. Nikachimba shimo moja, mahali aliponionyesha kwa sikio. Akapiga. Uzi ukakwaruza, na kidole chake kikasitasita.

"Silo," akasema. "Lile lilichimbwa na mimi."

Na nilijua jambo jingine, nikamwambia. Kila shimo ni tundu kwenye vanishi. Maji na utomvu vingeingia pale, nyuzi zingeanza kula, na ubao nilioupunguza unene usingemaliza miaka miwili. Ungetoboka hadi kwenye shingo. Kwa hiyo tulikuwa na ubao mzuri asioweza kuusoma, au ubao anaoweza kuusoma utakaokufa. Kuku walikuwa wanaparura karibu na kahawa na Verediana alikuwa anawafukuza.

Ni yeye aliyesema. "Mimi nimemfungia kamba. Sikuchimba njia."

Tukamgeukia.

"Ua ni ule ule, anapita popote," akasema. "Anashika tu mafundo ajue amefika wapi. Nguo nimeanika ili majirani wasiulize."

Nikatazama mkono wa Simeoni kwenye shingo ya besi. Vidole vinne mbele, na kidole gumba nyuma, mahali ambapo hakuna uzi unaopita, hakuna kinacholika, na hakuna mtu katika karakana yetu aliyewahi kupafikiria.

Alikuja nami Nyakasimbi akakaa siku nne. Kwa fundi viatu nikapata misumari midogo ya shaba. Simeoni alipiga noti, akaitafuta kwa sikio, akatulia, nami nikapiga alama ya penseli nyuma ya shingo, chini ya kidole gumba chake. Tulirudia kila noti mara kumi, asubuhi na mchana, maana mkono uliochoka hukaa pengine. Nikagongea misumari saba, nikaisugua kwa tupa hadi ukiitazama huioni vizuri, lakini ukipitisha kidole gumba unaihisi kama chembe ya chumvi. Shimo nililolichimba nikaliziba kwa unga wa mbuni na gundi ya kuchanganya, ile ya mirija miwili, nikalipaka vanishi juu.

Kabla ya kuondoka aliniambia ataenda kwa Mwalimu Nathani mwenyewe. Nilimsindikiza. Mwalimu alitusikiliza hadi mwisho, mikono magotini.

"Mimi nilidhani umeanza kulewa," akasema. "Nimeshamwambia mtu mwingine ajifunze besi."

"Basi ajifunze kwangu," Simeoni akasema.

"Na miaka yote hii nakupa ishara kwa mkono?"

"Nilikuwa nasikia unavyovuta pumzi kabla ya kuanzisha wimbo. Siku ile hukuvuta pumzi. Ulipunga tu."

Mwalimu Nathani alitoka nje kidogo. Aliporudi alisema kwamba kuanzia Jumapili ijayo atakanyaga sakafu kwa mguu, mara moja kuanza, mara mbili kunyamaza. Wageni walidhani ndiyo mtindo wa kwaya ile, na kwaya mbili za jirani zikauiga.

Ilimchukua Simeoni Jumapili sita. Ya saba alipiga nyimbo zote. Watu walikuwa wamesahau walikuwa wanasubiri nini, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Kwa upande wa kazi kulikuwa na jambo ambalo sikulitarajia. Kila mwaka baada ya msimu wa senene aliniletea besi niikague, na kila mwaka nilikuta ubao haujalika. Zamani alikuwa anaburuta kidole akitafuta shimo, na kutafuta ndiko kulikokuwa kunachimba shimo. Sasa alijua amefika kabla hajabonyeza, akabonyeza wima, kama Mzee Elia alivyomwagiza. Mikono kumi ya vanishi ilidumu miaka tisa kwa kuongeza mmoja mmoja. Ninyi mnaotaka siri ya kulinda ubao, nimewapa ya vanishi, nimewapa ya sabuni na ya nyuzi za bapa. Iliyo kubwa kuliko zote ni kwamba mpigaji ajue alipo. Na huwezi kumsaidia ajue kama hujamwambia akae, apige, wewe ukiwa mikono mitupu.

Mwaka jana walikuja tena, Simeoni na Verediana, na safari hii walikuwa na Anastazia, mwanamke wa miaka thelathini hivi aliyekuwa akiimba sauti ya pili katika kwaya yao. Ndiye aliyejifunza besi kwa Simeoni. Vidole vya Simeoni vilikuwa vimekakamaa kwa baridi yabisi.

"Misumari inamkwaruza kidole gumba," Simeoni akasema. "Mkono wake ni mdogo, wala haiko kidole chake kinapokaa. Ing'oe."

"Nikiing'oa, wewe hutaipiga tena."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe."

Nilimtazama Verediana, naye akatikisa kichwa kwamba ndiyo. Nikachukua koleo. Misumari ilitoka kwa urahisi kuliko nilivyotaka, mmoja mmoja, ikagonga kwenye kopo, na Simeoni alikuwa akisikiliza kila mmoja ulivyoanguka. Nikaziba matundu kwa vijiti vya mbuni, nikasugua nyuma ya shingo mpaka kiganja changu kikapita bila kusimama.

Ubao wa mbele sikuugusa. Nilimpa Anastazia kigoda nikamwomba apige kwanza. Alipiga wimbo mfupi wa pambio, kwa uangalifu, ulimi ameuma. Simeoni alikuwa ameinamisha kichwa.

"Hapo umepanda kidogo," akasema.

Anastazia akashusha kidole, nusu ya punje ya mchele.

"Hapo," Simeoni akasema. "Hapo kaa."